Döderlein: Daktari aliyegundua bakteria wanaomlinda mwanamke

JINA la Albert Döderlein ni maarufu katika vyuo vya udaktari, lakini nje ya vyuo hivyo, iwe Mbeya mjini au Iringa, ni wachache waliopata kulisikia. Hata hivyo, kila mwanamke aliyewahi kumaliza dozi ya dawa ya maambukizi ya ukeni, akapata nafuu, kisha baada ya miezi michache akarudi zahanati na tatizo lile lile, amekutana na jambo ambalo daktari huyo wa Kijerumani aliliandikia kitabu mwaka 1892.

Jambo lenyewe ni hili: uke wenye afya si uke usiokuwa na bakteria. Una bakteria wake, tena wengi, ambao kazi yao ni kutengeneza asidi inayowazuia waharibifu kustawi. Dawa huwaua waharibifu hao. Walinzi wasiporudi mahali pao, kinachofuata ni suala la muda tu.

Döderlein alizaliwa Julai 5, 1860 katika mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Erlangen, akapata shahada ya udaktari mwaka 1884, kisha akahamia Leipzig kuwa msaidizi wa Profesa Paul Zweifel, mkuu wa hospitali ya wanawake ya chuo kikuu cha mji huo.

Katika miaka hiyo homa ya uzazi ndiyo iliyokuwa hofu kuu ya wodi za wazazi barani Ulaya. Mwanamke alijifungua salama, siku ya tatu akashikwa na homa na kutetemeka, tumbo likamvimba, na wiki haikwisha kabla hajazikwa. Ignaz Semmelweis alikwisha kuonyesha mjini Vienna mwaka 1847 kwamba mara nyingi madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiupeleka ugonjwa huo kwa mikono isiyosafishwa sawasawa. Louis Pasteur naye, mwaka 1879, alikwisha kuwachorea wenzake mjini Paris vijidudu vilivyofanana na shanga zilizotungwa, ambavyo alivikuta kwa wanawake waliopatwa na homa hiyo.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Je, vijidudu hivyo huletwa kutoka nje pekee, au mwanamke huweza kuwa navyo mwilini mwake kabla uchungu haujaanza? Halikuwa swali la kitabuni tu. Kama vyatoka nje, yatosha mkunga na daktari wanawe mikono. Kama vimo ndani, basi kila mjamzito aoshwe uke kwa dawa kali kabla ya kujifungua, na hospitali nyingi zilikuwa zikifanya hivyo kwa karboliki na kwa dawa zilizotokana na zebaki. Zebaki ni sumu. Mwanamke mzima aliyelazwa ili ajifungue aliwekewa sumu hiyo kwa tahadhari tu.

Döderlein aliamua kwenda kuangalia. Alichukua ute wa uke wa wajawazito karibu 200, akaupima uchachu wake, akauotesha bakteria maabara na kuutazama kwa hadubini, mmoja baada ya mwingine. Alichokiona alikigawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, ambalo lilikuwa zaidi ya nusu ya wanawake hao, lilikuwa na ute mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye asidi kali, na ndani yake takriban bakteria wa aina moja tu: vijiti virefu vilivyonyooka. Fungu la pili lilikuwa na ute wa njano, mwepesi, ambao asidi yake ilikuwa dhaifu au haikuwapo kabisa. Humo vile vijiti vilikuwa vimetoweka, na mahali pake palikuwa pamejaa mchanganyiko wa vijidudu vya kila namna.

Alifanya jambo jingine ambalo ndilo lililompatia jina. Alivichukua vile vijiti, akaviotesha pamoja na bakteria wanaosababisha usaha, akaona wenye usaha wanadhoofika. Akahitimisha kwamba vijiti hivyo hutengeneza asidi, asidi hiyo ndiyo ulinzi, na ulinzi huo ni wa mwanamke mwenyewe wala si wa dawa. Matokeo hayo aliyachapisha Leipzig mwaka 1892, katika kitabu juu ya ute wa uke na nafasi yake katika homa ya uzazi. Tangu hapo vijiti vile vikaitwa bakteria wa Döderlein.

Katika zama ambazo sayansi nzima ilikuwa ikiwinda vijidudu vya kuua, baada ya Robert Koch kutangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 na wa kipindupindu mwaka 1884, lilikuwa ni jambo la ajabu kwa daktari kijana kusimama na kusema kwamba kuna bakteria ambaye asipokuwapo ndipo mtu huugua.

Wakati kitabu hicho kikisomwa Leipzig, Wajerumani wengine walikuwa na shughuli ya namna nyingine katika nchi ya Wahehe. Agosti 17, 1891, Mtwa Mkwawa alikuwa ameliangamiza jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo, na Kalenga ilikuwa bado haijaanguka. Mji wa Iringa wa leo, ulioanza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1896, ulikuwa haujawekewa hata jiwe. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote zaidi ya mwaka. Uhusiano ulikuja zaidi ya karne moja baadaye, kupitia Mbeya.

Döderlein hakusadikiwa na wote. Mpinzani wake mkubwa alitoka katika hospitali ile ile ya Leipzig, naye ni Bernhard Krönig. Yeye alichunguza wajawazito, akawaingizia vijidudu vya maradhi ukeni, kisha akahesabu muda vilivyochukua kutoweka. Jaribio la namna hiyo leo lisingepita katika kamati yoyote ya maadili, na ni haki kusema kwamba wanawake wale, wengi wao wakiwa maskini waliokwenda kujifungua bure, hawakuwa katika hali ya kukataa. Krönig alidai kwamba uke wa kila mjamzito hujisafisha wenyewe, hata ule ambao Döderlein aliuita mgonjwa, na kwa hiyo kuwagawa wanawake katika mafungu mawili hakukuwa na maana.

Katika hilo la mafungu, muda umempa ushindi Döderlein. Lakini Krönig aliona kitu kingine ambacho kilistahili kusikilizwa zaidi ya kilivyosikilizwa: pale alipouosha uke kwa dawa ya kuua vijidudu, vijidudu vya maradhi vilichelewa kutoweka kuliko pale alipouacha bila kuuosha. Dawa ilikuwa inawaondoa walinzi pamoja na wezi. Wawili hao hawakubaki maadui. Mwaka 1905 walitoa kwa pamoja kitabu kikubwa cha upasuaji wa magonjwa ya wanawake, kikatumika kwa miaka mingi.

Maisha ya Döderlein yaliyofuata yalikuwa ya kupanda ngazi. Mwaka 1897 aliitwa kuwa profesa Groningen, Uholanzi, na mwaka huo huo akaondoka kwenda Tübingen, alikokaa miaka kumi. Mwaka 1907 alikabidhiwa hospitali ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Munich, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1934. Jengo kubwa la mtaa wa Maistrasse, ambalo vizazi vya watoto wa Munich vilizaliwa humo, lilifunguliwa mwaka 1916 chini ya uongozi wake, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza.

Anahesabiwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo nchini Ujerumani kuingiza glovu za mpira katika kazi ya uzazi na upasuaji wa wanawake. Alikuwa pia katika kundi dogo la madaktari waliosimama mbele ya wenzao mjini Halle mwaka 1913, wakaeleza kwamba saratani ya shingo ya kizazi inaweza kutibiwa kwa mionzi ya radiamu badala ya kisu. Kwa mengi hayo mtu angeweza kusahau vile vijiti vya ujanani, na kwa kweli udaktari wenyewe ulikaribia kuvisahau.

Alifariki dunia mjini Munich Desemba 10, 1941, akiwa na umri wa miaka 81, nchi yake ikiwa tena vitani. Mwanawe Gustav naye alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Tanganyika ilikuwa tayari chini ya Waingereza, na Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 katika siku za dhahabu ya Lupa, ulikuwa mchanga wa miaka 14.

Baada ya kifo chake bakteria wake walibaki vitabuni kama maelezo ya hali ya kawaida, basi. Macho yote yaligeukia upande wa adui. Mwaka 1955 Wamarekani Herman Gardner na Charles Dukes walimtambulisha bakteria waliyemwona kuwa chanzo cha uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki, ambaye leo huitwa Gardnerella. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikathibitika kwamba vidonge vya metronidazole, vilivyokuwa vikitumika tangu kuanza kwa miaka ya 1960 kwa ugonjwa mwingine wa ukeni, humwondoa vizuri. Ikawa kana kwamba habari imekwisha. Mgonjwa alipewa vidonge vya siku saba, akaenda nyumbani.

Habari haikuwa imekwisha, na mahali pamoja palipoonyesha hivyo ni Mbeya. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wa Mbeya wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, kile kile alichofundisha Döderlein, waliwaandikisha wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi za baa kando ya barabara kuu za mkoa huo, zikiwamo zinazopitwa na malori ya Zambia. Kila miezi mitatu walipimwa, wakashauriwa na kutibiwa. Katika vipimo vya kwanza, asilimia 68 walikuwa na virusi vya Ukimwi, asilimia 22 walikuwa na kisonono, na asilimia 40 walikuwa katika lile fungu la pili la Döderlein: bakteria walinzi wametoweka, mchanganyiko umetawala. Mpango wa utafiti uliozaliwa katika miaka hiyo baadaye ukawa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Takwimu hizo mbili, ya Ukimwi na ya bakteria, hazikukaa jirani kwa bahati. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepoteza bakteria hao yumo katika hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko mwenzake aliye nao. Aidha, hali hiyo imehusishwa na kujifungua kabla ya siku. Kwa Nyanda za Juu Kusini uzito wa jambo hilo unaeleweka bila maelezo marefu. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, mikoa mitatu iliyoongoza kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini ilikuwa Njombe, Iringa na Mbeya, kwa mfuatano huo.

Kwa nini walinzi hawarudi baada ya dawa? Sayansi ya leo imeyajibu mengi ambayo Döderlein hakuwa na vifaa vya kuyaona. Ukuta wa uke, chini ya homoni za kike, huhifadhi sukari ya namna yake. Bakteria walinzi huila sukari hiyo na kuigeuza asidi ya maziwa. Hedhi hupunguza uchachu huo kwa siku chache. Shahawa nazo huupunguza kwa saa kadhaa. Mwenye walinzi wengi hurejea katika hali yake haraka. Asiyekuwa nao hubaki wazi.

Tena, watafiti wa Berlin walionyesha mwaka 2008 kwamba Gardnerella hujenga utando unaoshikamana na ukuta wa uke, na kwamba vidonge vya metronidazole huukwangua utando huo bila kuung'oa wote. Mwanamke hujiona amepona, harufu imekwisha, kumbe mizizi imo. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliotibiwa walirudiwa na hali hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Hata vile vijiti vyenyewe havikuwa vya aina moja. Vinasaba vimeonyesha kwamba bakteria wa Döderlein ni jamii ya ndugu kadhaa wa ukoo wa laktobasila. Aitwaye crispatus ndiye mlinzi hodari. Iners, ambaye mara nyingi ndiye anayetangulia kurudi baada ya dawa, ni mlinzi legelege. Zamu anaishika, lakini mlango hauchelewi kumshinda.

Hapa pia ndipo picha ya Leipzig inapohitaji kusahihishwa. Döderlein aliwatazama wanawake wa mji mmoja wa Ujerumani, na walichokuwa nacho kikawa ndicho kipimo cha dunia nzima. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta laktobasila wametawala kwa takriban asilimia 90 ya wanawake weupe wasio na dalili zozote, lakini kwa wanawake weusi ilikuwa takriban asilimia 60. Wapo wanaosema hiyo ni hali ya kawaida kwa wengi wenye asili ya Afrika. Wapo wanaojibu kwamba jambo la kawaida si lazima liwe salama. Mjadala huo haujafungwa, na unamhusu mwanamke wa Uyole au Kihesa kuliko unavyomhusu wa Munich.

Katika miji hiyo kuna jibu linalotolewa kwa wepesi sana, nalo ni la jikoni. Togwa ya Nyanda za Juu huchachushwa na bakteria wa ukoo huo huo wa laktobasila, na mtindi kadhalika, hivyo baadhi huona kwamba kinachofaa kikombeni kitafaa na kwingine. Ukoo ni mmoja, lakini kazi si moja. Bakteria wa kwenye nafaka na maziwa si wale waliozoea kuishi ukeni, na kuweka huko mtindi, vitunguu saumu au ndimu ni kuongeza jeraha. Kujiosha ndani kwa sabuni ni kurudia kosa ambalo Krönig alilipima zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Jaribio la kisayansi la kuwarudisha walinzi limefanyika Tanzania pia. Mjini Mwanza, wanawake 65 waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, baadhi wakipewa vidonge vyenye laktobasila kwa miezi sita na wengine vidonge vitupu. Vidonge hivyo havikuongeza idadi ya waliopona, ingawa palikuwa na dalili kwamba vinaweza kuwasaidia wale ambao tatizo lilikuwa bado halijawafika.

Matokeo yenye nguvu zaidi yalitoka Marekani mwaka 2020. Wanawake 228 walitibiwa kwanza kwa metronidazole, kisha wengi wao wakawekewa crispatus aliye hai ukeni, na waliobaki wakawekewa unga mtupu. Baada ya wiki 12, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 30 kwa kundi la kwanza na asilimia 45 kwa la pili. Si tiba kamili, lakini ni mara ya kwanza kwa wazo la mwaka 1892 kupata ushahidi wa namna hiyo.

Zahanati nyingi za wilayani bado hutibu uchafu wa ukeni kwa kufuata dalili, bila hadubini. Mwenye fangasi, mwenye kisonono na aliyepoteza walinzi wake wanaweza kuondoka na mfuko wa dawa zile zile. Anayerudiwa mara kwa mara anayo haki ya kuomba kupimwa katika hospitali yenye maabara badala ya kununua tena vidonge dukani kwa kukisia, na mjamzito hana sababu ya kusubiri.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuonekana kabisa katika uchunguzi wa Leipzig, naye ni mume. Machi 2025 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha jozi 164 za wapenzi. Katika nusu ya jozi hizo mwanamke alitibiwa peke yake kama ilivyozoeleka. Katika nusu nyingine mwanamume naye alimeza metronidazole na kupaka dawa ya kuua bakteria kwa siku saba. Ndani ya wiki 12, asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao walikuwa wamerudiwa. Kwa wale ambao wenzi wao walitibiwa, ilikuwa asilimia 35. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.